Msimu Tuliokataa Kusaga

4 Juni

Mvua tena. Hii si ya kupanda wala ya kupalilia, ni mvua isiyo na adabu, imetukuta na mahindi mkononi. Wakati kama huu mabua huwa yamekauka, ukipita katikati yake yanakwaruza nguo. Leo mimi na mume wangu tumevunja mahindi yenye maganda yaliyolowa chapachapa, na mengine yameanza kuchipua yakiwa bado kwenye bua.

Mama mkwe alisimama mlangoni na kanga kichwani, anatuamrisha kama kocha.

"Ingizeni yote ndani leo leo! Yakilala shambani ni ya wezi na panya."

Tumeyarundika kwenye chumba cha uani mpaka dirisha limezibwa. Mgongo si wangu tena.

6 Juni

Mvua. Kwenye mashine yetu ya kusaga wateja wachache. Mkanda wa injini unateleza kwa unyevu.

9 Juni

Jua limechungulia asubuhi, na mji mzima ukatoka na mahindi yake kama watu waliofunguliwa jela. Kila uwanja umetandazwa, mwingine turubai, mwingine magunia, wengi ardhi tupu yenye matope. Mama mkwe alikaa na fimbo yake kufukuza kuku. Adhuhuri wingu likarudi, tukakimbizana kuyazoa.

Fundi cherehani wa jirani alikuja na ndoo ya kusaga. Mtu mpole, hucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Nilipotia mkono kwenye ndoo punje zilikuwa na ubaridi, na baadhi zina ukijani kwenye kiini.

"Haya yako yamevaa sare," nikamwambia.

"Nimeyashona mwenyewe," akasema, tukacheka. "Nisagie tu dada, nyumbani akiba ya mwaka jana imekwisha. Moto wa jikoni unaua kila kitu."

Nikasaga. Unga ulitoka mzito, ukaganda kwenye chekeche, ikabidi mume wangu azime injini aisafishe.

13 Juni

Mvua. Nimeingiza mkono ndani ya rundo letu, kuna joto kama la kwapa la mtoto mwenye homa. Nilimwambia Mama mkwe. Akasema mahindi mapya ndivyo yalivyo, yanapumua.

17 Juni

Binti mdogo wa fundi cherehani anatapika tangu juzi. Wamempeleka hospitali. Jirani yetu, mwanamke tunayemwita Redio, amepita mashineni kutangaza kwamba macho ya mtoto yamekuwa ya njano kama kiini cha yai. Anasema ni homa ya manjano. Mwenzake mmoja kwenye foleni akasema ni mkono wa mtu. Nimewaambia washushe sauti, mke wa fundi alikuwa anapita.

20 Juni

Mtoto amefariki. Mama yake naye amelazwa, tumbo limevimba. Kuna nyumba nyingine mbili mtaa wa juu zenye wagonjwa wa hivyo hivyo.

Fundi alikaa kwenye benchi letu nje ya mashine mchana kutwa. Hakuwa amekuja kusaga. Nilimpelekea chai ikapoa mkononi mwake.

23 Juni

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Amekuja bibi shamba pamoja na mganga mmoja kutoka hospitali. Bibi shamba ni mwanamke mfupi, mabuti makubwa kuliko yeye, anazungumza harakaharaka. Walianzia kwa fundi cherehani, wakachukua unga uliobaki kwenye ndoo. Kisha wakaja kwangu, kwa sababu unga ule ulisagwa hapa.

Nilianza kujitetea kabla bibi shamba hajauliza kitu. Lakini hakuja kunishtaki. Alikaa kwenye gunia la pumba akatueleza mimi na mume wangu. Mahindi yakivunwa na unyevu, yakarundikwa, yanapata joto na kuota kuvu. Kuvu ile inaacha sumu ndani ya punje. Inaitwa sumukuvu. Haina harufu. Punje yenye sumu inaweza kuwa nyeupe inang'aa, na ya kijani ndiyo inayotuonya tu kwamba mwenzake aliye kando huenda amechafuka pia.

"Ukiipika je?" mume wangu akauliza.

"Haifi. Chemsha, oka, kaanga, iko palepale."

"Na ukiosha?"

"Umeosha ngozi. Sumu iko mwilini."

Kisha akaomba kupima ya kwetu. Ana bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, aliuchoma kwenye rundo juu, chini, pembeni, katikati. Anasema sumu haikai kila mahali, hujikusanya mahali pamoja, ukichota konzi moja unaweza kujidanganya. Alizisaga punje kwenye kimashine kidogo, akatikisa unga kwenye chupa yenye maji makali yanayonuka kama spiriti, akachovya kikaratasi chembamba.

"Mistari miwili, mnakula. Mmoja, hamli."

Tukakizunguka kikaratasi kile, mimi, mume wangu, wanangu wawili na Mama mkwe aliyekunja mikono. Mstari wa kwanza ukatokea. Tukasubiri.  Tukasubiri tena, mpaka binti yangu akauliza, "Wa pili uko wapi?"

Bibi shamba akakiweka kikaratasi kando.

Akapima na gunia letu la mwaka jana, lililobaki nusu. Hilo likaleta mistari miwili. Yaani chakula cha nyumba nzima mpaka msimu ujao ni gunia nusu, na rundo lililojaza chumba ni sumu.

"Hata kuku?" nikauliza.

"Hata kuku, hata ng'ombe. Inapita kwenye mayai na maziwa. Fukieni. Nimeshaomba gari la mahindi safi, litakuja kubadilishana na waliofukia."

Hapo Mama mkwe akafungua mdomo. Alisema amelima tangu kabla bibi shamba hajazaliwa, na mahindi yaliyonyeshewa amekula maisha yake yote. Kikaratasi hakiwezi kumfundisha chakula.

"Huyo mtoto wa fundi Mungu amempenda zaidi," akasema. "Msimsingizie mahindi."

"Mama," bibi shamba akamwambia taratibu, "mvua ya namna hii uliwahi kuiona wakati wa mavuno?"

Mama akampa mgongo. Aliingia ndani akafunga mlango.

24 Juni

Tumechimba shimo nyuma ya choo. Mume wangu alimwaga mahindi yake mwenyewe, debe kwa debe, uso wake siwezi kuuandika. Tukayamwagia mafuta ya taa ili asije mtu kuyafukua. Mama alikuwa anaingia na kutoka kwenye chumba cha uani tangu alfajiri, anasema anafagia. Hakututazama.

25 Juni

Nimemwambia mume wangu: kuanzia kesho mashine hii haisagi mahindi yasiyopimwa. Akaweka kijiko chini.

"Watu watatuelewaje? Mashine ni hii moja."

"Ndiyo maana."

"Wakienda kutwanga?"

"Watatwanga. Lakini sitakuwa mimi."

"Unajifanya serikali," akasema, akatoka.

Bibi shamba amenifundisha kupima na kuniachia boksi la vikaratasi. Amenifundisha na njia ya kujua ukavu kwa wasio na chochote: chumvi kavu kwenye chupa kavu, mimina punje, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani, na si ardhini, juu ya turubai. Lakini akanionya kwamba chupa inaonyesha maji tu, haionyeshi sumu.

27 Juni

Siku ya vita. Foleni ilifika barabarani. Nilipima, nikawarudisha zaidi ya nusu. Redio alikuwa wa kwanza kupata mstari mmoja. Akanitolea macho.

"Wewe umeshiba, una gunia la mwaka jana. Wanangu wale kikaratasi?"

"Gari linakuja."

"Gari! Gari liko kwenye midomo yenu tu. Washa mashine!"

Wengine wakaitikia. Mwanamume mmoja akapiga bati kwa kiganja, bati zima likalia. Mume wangu alikuwa ameshika hendeli ya injini. Nilimwona akinitazama, akiwatazama wao, akinitazama. Nikajua akiizungusha, mimi siwezi kumzuia.

Ndipo fundi cherehani akasimama kutoka kwenye benchi. Watu walikuwa hawajamwona. Hakupaza sauti.

"Mimi nilisagiwa," akasema. "Nilisagiwa nikashukuru."

Akakaa tena. Redio alijitwika ndoo yake akaondoka bila kunitazama. Mume wangu aliitundika hendeli ukutani, lakini siku nzima hakunisemesha.

29 Juni

Mvua. Gari halijaja.

1 Julai

Watu wameacha kunisalimia. Mwanangu amerudi shuleni analia, wanamwita mtoto wa kikaratasi. Usiku na mchana kutoka kila uwanja nasikia vinu vinatwanga. Kila mchi ukishuka natamani kujua ni mahindi gani.

3 Julai

Gari limekwama kwenye matope, daraja limekatika. Bibi shamba ametuma ujumbe tuvumilie. Nimeanza kupika ugali mdogo na mboga nyingi.

5 Julai

Mama mkwe amesusa chakula changu. Tangu siku ya shimo anapika kwenye chumba chake, peke yake, mlango umefungwa. Nikimpelekea sahani anasema, "Nimeshakula, wape watoto." Jioni natazama sahani ile inarudi nzima, damu inanichemka. Kama ananichukia kwa sababu ya mahindi yake, aniambie, asinifanye mkwe anayemnyima mzee chakula mbele ya mtaa mzima.

Nimemwambia mume wangu. Akasema, "Muache. Hasira zake huwa zinaisha zenyewe."

8 Julai

Gari limefika! Watu walilikimbilia kama harusi. Kila aliyefukia alipewa. Bibi shamba alipima kila gunia mbele yetu, na fundi cherehani akajitolea kuyashona yaliyopita kwa uzi mwekundu, ili kila mtu ayajue kwa macho. Alishona bila kuinua kichwa. Mke wake ametoka hospitali, yuko hai, amekonda kama ufito.

Redio naye amefukia. Alipopewa gunia lake alipita mbele yangu, akasema, "Usidhani nimekusamehe." Nikamwambia sidhani. Tukakaribia kucheka.

Mashine imenguruma leo kuanzia asubuhi. Nimejaa vumbi la unga mpaka kwenye nyusi.

10 Julai

Mama hakuamka kufagia uwanja. Nilipogonga alisema tumbo linamsokota kidogo. Nikafungua dirisha ili hewa iingie. Mwanga ukamwangukia usoni, nikaona macho yake.

Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Wakati anatafuta gari nilipiga magoti nikamkusanyia nguo. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo mbili zimefunikwa kanga. Moja tupu. Nyingine imebaki robo. Mahindi yetu, yale ya rundo, yamechaguliwa punje moja moja, meupe, mazuri kabisa. Kando kuna kinu kidogo cha kutwangia viungo.

Nikabaki chini na ndoo mapajani. Binti yangu ndiye aliyekuja kunishika bega.

12 Julai

Wodi ina harufu ya sabuni na ya watu wengi. Mama amekuwa wa njano mpaka viganjani. Mganga ametuambia mimi na mume wangu nje kwamba ini limeumia sana, wanafanya wanachoweza. Mume wangu aliinamisha kichwa kwenye ukuta akabaki hivyo.

Nilikaa na Mama peke yangu mchana.

"Mama, kwa nini?"

Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikampa maji kwa kijiko.

"Gunia lilikuwa nusu," akasema. "Gari halionekani. Wewe unakata ugali kama unakata keki. Nikaona mdomo wangu mmoja ukitoka, watoto watafika mbali."

"Kwa hiyo uliamini. Ulijua ni sumu."

"Nilijua, sikujua. Nilichagua mazuri. Nikaosha, nikaosha. Nikasema kama huyo mwenye mabuti ni mwongo, nimekula bure. Kama ni mkweli, yatakuwa yameniua mimi tu."

"Mimi nilidhani umesusa kupika kwangu."

Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi.

"Na kupika kwako pia. Chumvi unaitia kama umekopeshwa."

Nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni. Akafumba macho. Baadaye akaniambia nisimweleze mume wangu, nimwambie ni uzee. Nikamwambia hilo siwezi, Mama. Akasema, "Najua. Wewe kichwa chako ni jiwe." Akanishika kidole gumba, hakukiachia mpaka muuguzi alipokuja.

14 Julai

Mama ametutoka alfajiri.

15 Julai

Mazishi.

Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Wanaume chini ya turubai, lile lile tulilonunua la kuanikia. Masufuria makubwa yamesimama kwenye mafiga. Majirani wakaanza kuja, na kila mwanamke na bakuli au kikapu chake kichwani: mahindi, unga, mahindi. Ndivyo mtu anavyomfariji mwenzake, anamletea cha kupika.

Nilikuwa jikoni nikakifungua kikapu cha kwanza. Unga. Umetoka wapi? Umesagwa kwa nani? Wengine nimewapima, wengine nimewarudisha na najua walitwanga. Sasa vyote vinamiminwa kwenye ungo mmoja, na punje mbaya ikiingia pale inaingia kwa watu wote waliokuja kumzika Mama.

Nilitoka. Nikasimama mbele ya mafiga na kitambaa cha msiba kichwani, nikasema mahindi na unga usiotoka kwenye gunia la uzi mwekundu usimwagwe humu.

Aliyeshika mwiko akauacha ndani ya sufuria.

Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Aliinuka kwenye kiti chake akaja mpaka puani kwangu.

"Watu wamekuja na walicho nacho. Unawatemea mate mkononi? Leo? Na maiti iko ndani?"

"Baba, sikumtemea mtu mate."

"Ungekuwa na uchungu naye ungenyamaza hata siku moja! Ulimnyima kula mahindi yake, sasa unatunyima kumzika!"

Maneno hayo yalinichoma mahali ambapo tayari palikuwa kidonda.  Wanawake waliniangalia na vikapu vyao mikononi. Nikajua dakika ile wakiamua kumimina, watamimina.

Mume wangu alikuwa amekaa chini kando ya mlango wa chumba cha mama yake tangu asubuhi. Nilimwona anainuka. Aliingia ndani. Nikadhani ameshindwa kunitazama. Akatoka na ile ndoo yenye robo ya mahindi, akaiweka mbele ya miguu ya Baba Mdogo.

"Yatazame, Baba."

Baba Mdogo akatazama.

"Mazuri, siyo? Mama aliyachagua kwa mkono wake. Haya ndiyo yaliyomlaza humo ndani." Akainama akachota konzi moja. "Aliyala ili wanangu wasiyale. Leo nikiwapikia watu mahindi nisiyoyajua, nitakuwa nimemwambia mama yangu alikufa bure. Mke wangu asisumbuliwe. Hayo nimesema mimi."

 Redio alikuwa wa kwanza kusogea. Akajitwika kikapu chake cha unga akaondoka, nikasema basi, huyo ameondoka na mtaa wote. Kumbe amekwenda nyumbani kwake. Alirudi anatweta, kichwani viazi vitamu vina udongo bado, na nyuma yake wanawake wengine, huyu mihogo, huyu maharage, huyu ndizi.

"Viazi navyo vinapimwa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Afadhali. Nipe kisu."

Tulimzika Mama saa ya alasiri, mvua ikajizuia. Watu walikula viazi. Baba Mdogo hakula.

19 Julai

Nimepanga chumba chake. Sikumaliza.

22 Julai

Jua la siku ya nne mfululizo. Mashine inafanya kazi. Mume wangu amejifunza kupima, ananyoosha kikaratasi juu kama mganga. Tunapokezana.

26 Julai

Leo mchana, foleni ilipokwisha, Baba Mdogo amekuja na baiskeli, gunia limefungwa nyuma. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya mazishi. Hakunisalimia, alinijulia hali kwa kikohozi. Akalishusha gunia mwenyewe, alikataa kusaidiwa.

"Hilo lilikuwa darini," akasema. "Lenyewe niliona halikunyeshewa sana."

Nikachoma bambo juu, chini, katikati. Nikasaga, nikatikisa chupa, nikachovya. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatazama barabarani kama mtu anayengoja jambo jingine. Lakini kikaratasi kilipolowa aligeuza jicho.

Mstari ulikuja mmoja.

Nilikiacha kikaratasi kwenye kigae muda mrefu kuliko inavyotakiwa, nikiuombea ule wa pili. Kisha nikampelekea akione mwenyewe. Alikishika mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja, Baba. Mmeshayala?"

"Bado. Mama yenu mdogo alitaka kuyateremsha jana. Nikamwambia asubiri."

 Alivua kofia akajifuta uso wote nayo. Nilidhani atanikasirikia, hata nilijiandaa. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mzee.

"Nina mengine matano darini, mkwe wangu. Peke yangu sitayamaliza kuyafukia. Mikono haina nguvu ya kutupa chakula."

Nikamwita mume wangu aje ashike mashine. Nikachukua jembe na dumu la mafuta ya taa, nikamfuata.